Baiskeli nyeusi ya inchi 28, gia moja: uzoefu wangu Kimara hadi Posta, Dar es Salaam

Huu ni mwaka wa pili ninaiendesha, na kwa anayeuliza kama ainunue, jibu langu ni hili: nunua, ila usiipande siku hiyo hiyo. Ianzie kwa fundi ifungwe upya. Za dukani hufungwa haraka haraka: gololi zimepakwa grisi ya kulambisha, spoku zimelegea, kotapini (pini zinazoshika mikono ya pedeli kwenye ekseli) hazijakaa.

Kotapini ndizo zenye kesi. Ikilegea moja, utasikia "tok" kila mguu ule ule unapokandamiza. Wengi hukimbilia kukaza nati. Nati haivuti kotapini ikakaa, inaizuia tu isirudi. Egemeza mkono wa pedeli juu ya kipande cha bomba, gonga kotapini kwa nyundo mara tatu au nne, ndipo ukaze nati. Rudia baada ya kilomita 50 hivi. Ukipuuza, ubapa wake unalika, kisha ekseli nayo inaanza kulika. Ukienda kununua nyingine, nenda na ile ya zamani ulinganishe: zipo za milimita 9 na 9.5, na kwa macho utadanganyika.

Breki ni za vyuma, si za waya. Juani zinatosha. Mvua ikinyesha, raba huteleza kwenye rimu ya kromu, kwa hiyo kabla ya mteremko wa Magomeni kwenda Jangwani nazigusa mapema zifute maji kwanza. Raba nimeziacha milimita 2 au 3 kutoka kwenye rimu.

Jangwani pakijaa maji, zunguka. Maji yakifika kwenye habu (kitovu cha gurudumu) yanaingia kwenye grisi, na hapo ni kufungua tu: mbele gololi 10 za inchi 3/16 kila upande, nyuma 9 za inchi 1/4.

Tairi ikipungua upepo usiku kucha, usikimbilie kiraka. Fungua valvu utazame kile kiraba chake chembamba. Mara nyingi kimepasuka, na kukibadilisha ni dakika moja.

Njia ya baiskeli pembeni ya barabara ya mabasi ya mwendokasi ni nzuri hadi ukutane na bodaboda uso kwa uso. Kwenye njia ya mabasi siingii. Na taa ya dainamo huzimika ukisimama pale kituo cha Fire, hivyo nyuma nimefunga taa nyekundu ya betri.