Mazda RX-8 iliyotumika: pima injini kabla ya kulipa

Gari hili linakata kona vizuri ajabu, ila injini yake ya rotari ya lita 1.3 (haina pistoni, ina rota 2 za pembe tatu zinazozunguka) haivumilii uzembe. Sili za ncha za rota, zinazozuia gesi kuvuja, zikilika, mgandamizo (shinikizo ndani ya injini) unashuka. Endesha mpaka injini ipate moto, zima, subiri dakika 10, washa tena. Stata ikizunguka muda mrefu bila injini kushika, achana nalo. Geji ya kawaida ya mgandamizo haitoshi, maana kila rota ina pande 3: tafuta fundi mwenye kipimo cha rotari, akupe namba zote 6. Chomoa pia kijiti cha oili uone kiwango. Injini hii huchoma oili kidogo kwa makusudi, kulainisha hizo sili, asiyeongeza ameshaiumiza. Kagua pia plagi 4, koili na kutu.