Mashine ya kukausha saladi na kontena la wavu: uzoefu wangu baada ya kuvitumia

Niko Dar, na anayeishi Dar anajua, saladi ukiiacha mezani asubuhi mpaka adhuhuri imeshalala. Kwangu majani mabichi yanaliwa karibu kila siku, mume wangu ana sukari na daktari alimwambia apunguze wali aongeze mboga, kwa hiyo saladi kuozea kwenye friji ilikuwa inaniuma kweli, manake hapo unatupa hela na unatupa chakula cha mgonjwa. Ndo nikanunua ile mashine ya plastiki ya kuzungusha saladi, mtakuwa mmeiona kwenye maduka ya vyombo Kariakoo: bakuli la nje, kikapu cha matundu ndani, mfuniko una mpini juu, ukizungusha kikapu kinakimbia na maji yanarukia pembeni. Haitumii umeme. Nilinunua 30,000 na nikachukua na kontena lenye wavu chini la kuhifadhia majani.

Nianze na mashine, kwakweli ile kitu naipenda sana. Saladi karibu yote ni maji, asilimia 95 hivi, na hayo maji yakipungua kidogo tu jani linanyauka, ndo maana inataka kukaa mahali penye ubaridi na unyevunyevu. Ila unyevu wa hewani ni kitu kingine na maji yaliyobaki juu ya jani ni kitu kingine kabisa. Hayo ya juu ya jani ndo yanaozesha, hasa pale katikati majani yanapolaliana, unafungua unakuta yanateleza na harufu juu. Kukung'uta kwa mkono hakutoshi, nimekung'uta miaka yote, hata kwenye chujio unaona kama yamekauka ila ukigeuza jani upande wa chini pale kwenye mshipa mkubwa maji yapo. Mara ya kwanza nimezungusha ile mashine, majani nilishayachuja na nikayaacha kwenye chujio mpaka nikaona yako sawa, nanyanyua kikapu nakuta chini ya bakuli kuna maji ya kujaza kikombe cha kahawa na mchanga mweusi umetulia chini. Hayo yote yangeingia kwenye friji!

Ninavyofanya: saladi ikifika natoa majani mojamoja, yaliyochubuka au kuanza kuoza natupa hapohapo manake moja likibaki linaambukiza wenzake, naloweka kwenye beseni la maji baridi kama robo saa. Hapo hata zilizolegea njiani zinanyanyuka, jani linakunywa maji linarudi kuwa gumu, ila lililoshaanza kuoza halirudi, msijisumbue. Kwa vile linaliwa bichi nasuuzia mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Halafu kwenye mashine, kikapu kijae nusu tu, nazungusha, namwaga maji, nachanganya majani, nazungusha tena. Nakunja tishu ya rolo ya jikoni naiweka chini ya kontena na nyingine juu, nafunika, droo ya mboga. Friji yangu iko kwenye nyuzi 4. Saladi ya kichwa, ile iliyofunga kama kabichi, inafikisha wiki na zaidi bila shida, ya majani malaini inapungua hapo kidogo, na majani ya roketi, yale ya saladi yenye ukali kidogo, ndo yanawahi kuchoka kuliko yote.

Kasoro za mashine zipo. Inakula nafasi kabatini jamani, kama jiko lako dogo fikiria kwanza. Inateleza mezani ukizungusha kwa nguvu, mi naweka kitambaa kibichi chini inatulia. Na majani malaini ukiyakimbiza sana yanachubuka kwenye yale matundu, kesho yake unaona alama za kahawia, kwa hiyo taratibu.

Kontena sasa. Lenyewe ni la kawaida tu, sitalisifia. Ule wavu unasaidia majani yasikae kwenye maji lakini kama ulishakausha vizuri hamna maji ya kushuka huko, na kopo lolote pana lenye mfuniko ukiweka tishu linafanya kazi ileile. Mwenye bajeti ya kitu kimoja achukue mashine, kontena aache. Tishu ikilowa badilisha, hicho ndo kitu cha kufuatilia.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna chombo kitakuokoa nalo, matunda. Ndizi, embe, parachichi, tufaha na nyanya zilizoiva zinatoa gesi ya kuivisha, saladi ikikaa nazo droo moja inapata madoa ya kahawia kwenye mishipa na inazeeka haraka. Mi nimetenganisha, matunda juu, majani chini. Na msisukume kontena mpaka likagusa ukuta wa nyuma wa friji, pale kunagandisha, jani likiganda likayeyuka linakuwa kama kioo halafu linalainika, hapo kwisha habari. Umeme ukikatika friji ibaki imefungwa tu, kufunguafungua kuangalia ndo kunaingiza joto.

Kotimiri haihitaji mashine, nakata vikonyo kidogo naisimamisha kwenye glasi ya maji ndani ya friji. Mchicha na matembele navyo siviingizi humo, hivyo vinaenda jikoni, nikitaka vikae siku mbili tatu naviweka vikavu bila kuosha naosha siku ya kupika.

Mnaotaka kununua mashine, dukani fungueni mfuniko mgeuze muangalie meno ya ndani, kama ni plastiki nyembamba inayochezacheza iacheni. Zungusha ikiwa tupu, isikwaruze. Ya kuvuta kwa kamba mi sikuichukua, jirani yangu alikuwa nayo kamba ikakatika na hakupata wa kuirekebisha, za mpini hazina mambo mengi. Na chukueni ile kubwa kama familia ni ya watu wanne kwenda juu, ndogo utazungusha mpaka wali upoe.