RV ya futi 25 Louisiana na Mississippi: AC, kamba na sherehe za vijijini

Haya wadau habari zenu, karibuni tena, leo tunachambua RV, lile gari lenye nyumba ndani, kitanda jiko choo bafu vyote humohumo, na hii sio ya kuangalia kwenye yadi tu, nimeikodi nikazunguka nayo Louisiana halafu nikapanda nayo Mississippi, maana nyie wa Houston na Dallas mpaka Atlanta mnaniuliza sana kama inafaa kwa familia au bora kulala hotelini. Nasema mapema kabisa, kwa Kusini mwa Marekani inafaa, na inafaa kwa sababu ya chakula na sherehe, ila lazima uchague gari sahihi na mwezi sahihi.

Tuanze na gari. Hii ni Class C, ile yenye kitanda kimekaa juu ya kichwa cha dereva, imejengwa juu ya chesisi ya Ford E-450, injini V8 ya petroli, na leseni yako ya kawaida inatosha, huhitaji leseni ya lori. Mafuta inakula, sikufichi, gari za aina hii ukipata maili 8 mpaka 10 kwa galoni shukuru Mungu, na tanki ni galoni 55, kwa hiyo ukipiga hesabu ya kukodi dhidi ya hoteli usisahau petroli. Ziko za futi 31 na muuzaji atakwambia ongeza kidogo tu upate nafasi, mimi nasema baki na 25. Vitu vitamu vya Kusini viko kwenye vimji vidogo, barabara nyembamba, daraja, mfereji wa maji huku na huku, ukienda Delcambre kununua kamba kwa wavuvi wenyewe pale boti zinaposhusha unataka gari linalogeuka. Na urefu wa kwenda juu nao uujue kwa kichwa! Kule Durham, North Carolina kuna daraja la reli lilikuwa futi 11 na inchi 8, limekata paa za malori na RV miaka na miaka, mwaka 2019 wakalinyanyua mpaka futi 12 na inchi 4 na bado magari yanagonga. RV nyingi za Class C ziko futi 11 mpaka 12 ukihesabu na AC ya juu ya paa, so andika namba ya gari lako kwenye karatasi uibandike mbele ya usukani.

Sasa AC, hapa naomba mnisikilize vizuri. Kusini unyevu ni ule wa Dar mwezi wa pili, shati linakuganda mgongoni saa tatu asubuhi, kwa hiyo AC ndio moyo wa hili gari kuliko hata injini. RV ya futi 25 kawaida ina AC moja na plagi ya ampia 30, yaani wati 3,600 basi, ukiwasha AC na maikrowevu na hita ya maji ya umeme kwa pamoja breka inakata na mnabaki gizani mnaulizana. Zile kubwa zenye plagi ya ampia 50 zinavuta laini mbili, wati 12,000, na ndio maana zinabeba AC mbili. Suluhisho langu ni mwezi, sio kununua gari kubwa. Nenda Machi mpaka katikati ya Mei, au Oktoba. Julai na Agosti ukiwa na watoto usijaribu, na kumbuka msimu wa vimbunga unaanza Juni mosi mpaka Novemba 30, nyumba yenye matairi sio pahali pa kusubiria kimbunga.

Na hiyo hiyo Machi mpaka Mei ndio msimu wa crawfish, jamani! Ni kama kamba kochi mdogo wa maji baridi. Mimi kilichonifurahisha kuliko vyote ni wanavyomfuga, ukiendesha kusini magharibi ya Louisiana unaona mashamba ya mpunga yamejaa maji na vitu vimechomoza juu juu, ile ni mitego, mkulima akishavuna mpunga anajaza maji upya halafu shamba lile lile linatoa crawfish mpaka masika, mtu anakula shamba moja mara mbili. Wanawachemsha kwenye sufuria kubwa na pilipili, mahindi, viazi, wanamwaga mezani juu ya magazeti mnakula kwa mikono. Kwa ndugu zangu Waislamu, sufuria nyingi zinatiwa soseji ya nguruwe, uliza kabla, na boudin, soseji ya kule, ya kawaida ni wali na nguruwe na maini, ila kuna sehemu wanatengeneza ya crawfish, na hapo pia uliza mchanganyiko. Gumbo hivyo hivyo, ni mchuzi mzito wa unga uliokaangwa kwenye mafuta mpaka uwe rangi ya chokleti, mara nyingi na bamia, ipo ya kuku na soseji na ipo ya vitu vya baharini. Na hapa ndipo jiko la RV linapolipa, nimenunua kamba gatini nikapika wa nazi jioni ileile, majiko mawili ya gesi yanatosha kabisa, feni ya juu tu uifungue la sivyo king'ora cha moshi kitalia mpaka majirani watoke.

Sherehe sasa. Breaux Bridge, mji uliotangazwa mji mkuu wa crawfish duniani mwaka 1959, wanafanya sherehe yao mwanzoni mwa Mei, wanacheza zydeco, muziki wa kule wa akodiani na lile bati la kifuani la kukwaruza, wanashindana kula na hata kushindanisha crawfish mbio. Lafayette, hapo jirani, Aprili wana Festival International, tangu 1987, bure kuingia, wanamuziki wanatoka nchi zinazoongea Kifaransa, Afrika ikiwemo. Ila RV usiiingize katikati ya mji, paki kambini, nenda na gari dogo au baiskeli. Asubuhi pita Lake Martin, mamba wa kule wako wazi kabisa, ndege wa pinki mitini, watoto na mbwa kaa nao mbali na maji.

Tanki za maji machafu watu wanaziogopa bure, vaa glavu, fungua ya choo kwanza halafu ya bafu na sinki ili maji ya sabuni yasafishe hozi, umemaliza. Kinachosumbua kweli ni wadudu wa Mei na Septemba, wanaruka wawili wawili wameshikana, wanajaa kwenye kioo na rejeta, waoshe siku hiyo hiyo maana wakikauka juani wanakula rangi na deposti yako inaondoka nao.

Ukitoka Louisiana panda mpaka mji wa Natchez, Mississippi, ushike barabara ya Natchez Trace Parkway, maili 444 mpaka karibu na Nashville, malori hayaruhusiwi, mwendo mwingi ni maili 50 kwa saa, miti tu kushoto kulia. Simama Emerald Mound, kilima cha ekari 8 hivi kilichojengwa kwa mikono na mababu wa Wanatchez, wenyeji wa asili wa huku, kabla Mzungu hajatulia huku, unakipanda mpaka juu. Kuna kambi tatu za bure njiani, Rocky Springs, Jeff Busby na Meriwether Lewis, hazina umeme na hakuna kubuk, anayewahi ndio anapata, angalia kwanza tovuti ya hifadhi za taifa kama zote zimefunguliwa, na jaza petroli na maji Natchez mjini kabla hujaingia kwa sababu kwenye ile parkway hakuna kituo cha mafuta hata kimoja.