Uzoefu wangu wa kuchora na kujaribu kanuni za mikopo kwa Camunda Modeler na KIE Sandbox, Mbeya

Natengeneza mifumo ya kompyuta hapa Mbeya, na wateja wangu wengi ni SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo: za walimu, za wahudumu wa afya, na za wakulima wa kahawa upande wa Mbozi. Kazi ngumu kwenye mifumo hii ni sera ya mikopo. Nani akopeshwe, kiasi gani, kwa wadhamini wangapi. Sera ikishazama ndani ya programu, wenye sera hawawezi tena kuisoma, wanabaki kumwamini fundi. Ndiyo maana nazipenda programu za kuchora kanuni, na mbili nilizozitumia zaidi ni Camunda Modeler na KIE Sandbox.

Zote zinatumia DMN, kiwango cha wazi cha kuchora maamuzi kinachosimamiwa na OMG, shirika la viwango vya kompyuta la Marekani, ambacho toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015. Uamuzi ni mstatili, taarifa zinazouingia ni umbo la yai, na mishale inaonyesha kipi kinategemea kipi. Ndani ya mstatili mara nyingi kuna jedwali: masharti kushoto, jibu kulia, kila mstari kanuni moja. Sharti lisilohusika unaliwekea kistari. Mweka hazina ambaye hajawahi kuandika programu maishani analisoma na kulikosoa.

Camunda Modeler inatoka Ujerumani. Unaipakua bure, unaiweka kwenye Windows, Mac au Linux, na kuchora hakuhitaji intaneti. Hilo ni jambo kubwa ukiwa kwenye ofisi ya chama kijijini ambako bando linasuasua. Michoro yake ni safi na ukiichapa kwenye karatasi inasomeka. Ila yenyewe ni ya kuchora. Ukitaka kuliendesha jedwali unahitaji injini, yaani programu ya kuendesha kanuni, au chombo kingine pembeni, na kwangu mimi kujaribu ndiyo kazi yenyewe.

Hapo ndipo KIE Sandbox inapochukua nafasi. Imetoka katika ukoo wa Drools, mradi wa injini ya kanuni ambao sasa uko chini ya taasisi ya programu huria ya Apache. Unaifungua kwenye kivinjari na kuanza bila kufungua akaunti. Ukiwasha sehemu ya kuendeshea, inakutengenezea fomu kutokana na taarifa ulizochora: unajaza akiba, mshahara, kiasi kinachoombwa, na jibu linatokea papo hapo. Unaweza pia kugeuza fomu iwe jedwali, ukaingiza waombaji wengi wa mfano na kuona majibu yao kwa pamoja. Kingine kilichonifurahisha ni kwamba lugha yake ya kanuni, FEEL, inaruhusu majina yenye nafasi. Naandika "Akiba ya Mwanachama" kama ilivyo, wala sihitaji kubana maneno kwa vistari.

Niwape mfano. Chama kimoja kilikuwa na sera inayosema hivi: mkopo chini ya shilingi 1,000,000 wadhamini wawili, mkopo zaidi ya 1,000,000 wadhamini watatu. Inaeleweka, sivyo? Niliiingiza kama ilivyoandikwa, nikaweka mwombaji wa shilingi 1,000,000 kamili. Jibu likatoka tupu, kwa sababu hakuna mstari uliomgusa. Kamati nzima ilikuwa inaangalia ukutani kwenye projekta. Mwenyekiti akamgeukia afisa mikopo: "Mwanangu, hawa wa milioni moja tumekuwa tukiwafanyaje?" Akajibu, "Mzee, inategemea siku hiyo nani yuko zamu." Milioni moja ndicho kiasi ambacho watu wengi huomba, kwa kuwa ni namba kamili, rahisi kuitaja. Marekebisho yalikuwa mabano tu: kwenye FEEL mabano ya mraba yanaihesabu namba ya mpakani, ya duara yanaiacha nje.

Kasoro ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mwajiriwa alipimwa kwa mshahara, kwamba baada ya makato yote abaki na theluthi moja. Mkulima alipimwa kwa kahawa anayouza kupitia AMCOS, chama cha ushirika wa mazao. Sasa mwalimu mwenye shamba Mbozi? Kwenye kona ya jedwali kuna herufi inayoamua kanuni zinapogongana. Tulikuwa tumeweka U, yaani kwa kila mwombaji mstari mmoja tu ndio unaoruhusiwa kumgusa. Mwalimu huyu aliguswa na miwili, na programu ikakataa. Ningeweza kuweka F, uchukuliwe mstari wa kwanza, na kelele zingekwisha. Sikutaka. F ingeficha swali ambalo ni la wanachama, si la fundi. Walijadiliana kwa kirefu, wakakubaliana kwamba mwajiriwa apimwe kwa mshahara, na kahawa ihesabiwe kama nyongeza yenye ukomo. Uamuzi huo sasa una mstari wake.

Ya kuangalia kabla hujaanza: menyu ni za Kiingereza, hivyo mara ya kwanza kaa na wanakamati. Kazi ya KIE Sandbox inahifadhiwa ndani ya kivinjari, kwa hiyo pakua faili kila unapomaliza. Mtu akisafisha kivinjari, imekwenda. Ukihamisha faili kutoka Camunda, hakikisha maumbo ya yai yamechorwa na kila taarifa imepewa aina yake, namba au maandishi, kwa sababu fomu inajengwa kutokana nayo. Na kwenye simu usijisumbue, jedwali linataka kioo kipana.

Chama chenye kanuni tatu zisizobadilika hakihitaji haya, karatasi inatosha. Lakini penye aina kadhaa za mikopo na riba inayojadiliwa kila mkutano mkuu, ningeanza na jedwali la wadhamini peke yake. Weka waombaji wa mfano, hasa wale wa mipakani: milioni moja kamili, mkopo ulio mara tatu kamili ya akiba, mshahara unaobaki theluthi moja kamili. Watunze waombaji hao. Mkutano ukibadilisha kiwango, waingize walewale tena kabla mkopo wa kwanza haujatoka.