Tahadhari: king'amuzi cha mtumba "kisicholipiwa milele"

Jamani, kuna tangazo linazunguka. Muuzaji anabadilika jina tu, maneno ni yale yale: dishi na king'amuzi, vimetumika kidogo, chaneli zote zimefunguliwa, hulipii kifurushi tena maisha yako yote. Kwenye picha runinga inaonyesha mechi, na bei inavutia. Mimi kazi yangu ni kufunga madishi, na wateja wanaoniita baada ya mauzo ya namna hii huwa na swali moja: "Fundi, mbona dukani kilikuwa kinaonyesha?" Ngoja nieleze kwa nini kilionyesha, maana ukilijua hilo huyu mtu hakupati.

Chaneli hazikai ndani ya king'amuzi. Setilaiti iko juu ya ikweta, kilomita 35,786 hivi kutoka usawa wa bahari, na inamwaga mawimbi yale yale kwa kila mwenye dishi, aliyelipa na asiyelipa. Kampuni za kulipia huyafunga mawimbi hayo kwa ufunguo unaobadilika kila baada ya sekunde chache, mara nyingi kama 10. Kadi yako, au chipu kwa vile ving'amuzi visivyo na kadi, ndiyo inayopewa ruhusa ya kuufungua, na ruhusa hiyo inatumwa kutoka angani. Kifurushi kikiisha, nayo inakatwa. Kwa hiyo anayekuuzia boksi "lenye chaneli zote" anakuuzia ruhusa isiyo yake, ambayo hata yeye hawezi kuizuia isikatwe. Ni sawa na kuuziwa simu ya mtumba ukaambiwa salio lake haliishi.

Sasa tuje kwenye onyesho la dukani.

Ujanja wa kwanza ni wa kitoto kabisa: kifurushi cha mwenye king'amuzi wa zamani hakijaisha. Muuzaji anajua zimebaki siku ngapi, wewe hujui. Unafika nyumbani unafurahia, halafu jioni moja skrini inakuandikia uwasiliane na huduma kwa wateja. Ukipiga, unaulizwa jina la mwenye akaunti, na jina si lako wala la aliyekuuzia. Nimeona boksi lenye deni la mtu aliyehama zamani. Nimeona pia lililoripotiwa kuibwa, na huyo mteja alitumia nusu siku kujieleza badala ya kutazama runinga. Tena zipo kampuni ambazo haziuzi king'amuzi, zinakiazima tu, na mteja akiacha huduma anatakiwa akirudishe. Boksi kama hilo likikufikia sokoni, bado ni mali ya kampuni hata kama umelilipia.

Wa pili ndio unaonikera, kwa sababu unaonekana wa kitaalamu. Angalia nyuma ya king'amuzi. Ukiona kebo ya intaneti, au kijiti kidogo cha Wi-Fi kwenye tundu la USB, mwombe muuzaji akichomoe wakati chaneli ya kulipia iko hewani. Atakwambia hicho ni cha kuleta masasisho tu. Mwambie akichomoe hivyo hivyo, kisha usitoe macho kwenye skrini. Picha itaendelea kidogo, sekunde kumi, pengine ishirini, kisha itaganda mchezaji akiwa ameinua mguu, halafu inakuwa nyeusi. Kebo ya dishi haijaguswa na mawimbi yapo vile vile. Kilichokosekana ni ufunguo unaofuata.

Funguo zilikuwa zinakuja kwa intaneti. Kuna mtu mahali fulani ana kadi iliyolipiwa ameiweka kwenye seva, na funguo zake anawagawia wengine kwa malipo. Muuzaji wako amekununulia laini ya muda mfupi kwenye seva hiyo, labda ya kujaribu tu. Ikiisha, au seva ikifungwa, atakwambia "tuma kidogo nikufungulie upya". Na baada ya muda kidogo tena. Biashara yake hasa iko hapo, hilo boksi lilikuwa chambo. Aliyekwambia hulipii kila mwezi sasa unamlipa yeye, bila risiti, na siku akizima simu huna pa kulalamika maana ulichonunua chenyewe ni haramu. Sijataja bado kwamba programu iliyo ndani ya hilo boksi imewekwa na mtu usiyemjua, na umeiunganisha kwenye Wi-Fi ile ile unayotumia kwa mambo yako ya benki.

Wapo wasiotumia intaneti. Hawa huandika funguo moja kwa moja ndani ya risiva (king'amuzi), kwa zile chaneli ambazo ufunguo wake haubadiliki mara kwa mara. Inafanya kazi vizuri, mpaka mwenye chaneli anapoubadilisha. Hapo unarudi kwa fundi wa kuchakachua, na mkono mtupu haulambwi.

Wa tatu ni orodha. Muuzaji anabonyeza rimoti na majina ya chaneli yanateremka mamia kwa mamia, mpaka unachoka kusoma. Hayo ni majina yaliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya boksi, yanabaki pale hata ukichomoa dishi. Risiva nyingi huweka alama ya dola, $, pembeni ya chaneli iliyofungwa. Pita kwenye orodha ukiangalia zisizo na alama hiyo, na hata hizo zifungue moja moja, kwa sababu orodha ya zamani hujaa chaneli zilizokwisha kuhama masafa au kufa kabisa.

Kama unadhani kampuni haziwezi kufanya kitu, muulize mtu aliyekuwa na kadi ya kuchakachua ya DirecTV, kampuni ya runinga ya kulipia ya setilaiti kule Marekani. Tarehe 21 Januari 2001, siku ya Jumapili, wiki moja tu kabla ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, kampuni ilituma amri kupitia setilaiti yenyewe na kuziua kadi zilizochezewa zikiwa ndani ya ving'amuzi vya watu. Miaka iliyofuata ikawaandikia barua na kuwashtaki watu walionunua vifaa vya kuchakachulia kadi, wanunuzi wa kawaida wakiwemo. Umoja wa Ulaya nao tangu 1998 una agizo linalokataza kutengeneza, kuuza, hata kufunga vifaa vya aina hii kibiashara. Ndiyo maana mimi nikiitwa kufunga "mzigo wa seva" nakataa. Sitaki jina langu liwe kwenye kesi ya mtu aliyeshakimbia na hela.

Lakini mtumba wenyewe hauna kosa, na hapa watu wanachanganya. Vifaa vya setilaiti vilivyotumika vinaweza kukupa chaneli za bure halali bila kulipa kifurushi chochote, mradi ununue vinavyofaa. Dishi ndilo la kununua bila woga, ni umbo la chuma tu na haliulizi ni la kampuni gani. Kilicho muhimu ni lisiwe limepinda. Chukua nyuzi mbili, zifunge kutoka ukingo hadi ukingo zipite msalaba katikati, zikaze. Zinatakiwa zigusane kidogo tu pale zinapokutana. Zikiachana, dishi limepinda. Zikigusana, usiridhike bado: ule uzi wa chini upitishe juu ya mwenzake, kwa sababu zinaweza kuwa zinasukumana na wewe ukadhani ni sawa. Kutu ya juu juu si tatizo, lakini angalia mikono inayoshika LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi; ikilegea utakuwa unapanda kulisawazisha kila upepo ukivuma.

LNB yenyewe ni kitu cha kusoma kibandiko chake. Ile ya kawaida ya bendi ya Ku, masafa ya madishi madogo ya nyumbani, huandikwa 9.75 na 10.6 GHz, na risiva karibu zote zinaielewa. Siku hizi kuna zilizotolewa kwenye mifumo mipya ya kulipia, zimeandikwa 10.41 GHz. Hizo risiva ya kawaida haipati kitu, na muuzaji atakulaumu wewe kwamba hujui kutafuta masafa. Angalia pia mfuniko wake wa mbele. Ukiwa na ufa, maji yameshaingia.

King'amuzi cha kampuni ya kulipia kilichokatwa huduma, mimi sipendekezi ukinunue kwa ajili ya chaneli za bure. Vingine hufungua chache, vingine hufunga vyote, na hata vinavyofungua huenda vikakunyima kurekodi mpaka uwe na akaunti. Tafuta risiva huru, isiyofungwa kwa kampuni yoyote ya kulipia, na hakikisha imeandikwa DVB-S2, kile kiwango kipya cha matangazo ya setilaiti. Ile ya DVB-S peke yake, kiwango cha zamani, inaweza kuwa nzima kabisa na bado isikuonyeshe chaneli nyingi za leo, hasa za HD.

Ukiamua kununua boksi la kampuni kwa nia ya kulipia kifurushi halali, usitoe hela kabla hujapiga huduma kwa wateja muuzaji akiwa amesimama mbele yako. Wasomee namba ya king'amuzi na ya kadi, uliza kama kuna deni, na kama kinaweza kuhamishiwa jina lako. Mwenye mali halali atasubiri. Akianza kusema ana haraka, kuna mteja mwingine anakuja, mwache aende kwa huyo mteja mwingine.

Na kwa walioshauziwa: usitume hela ya "kufungulia upya", hata akikwambia ni ya mwisho. Hifadhi ujumbe wake wote, namba yake na uthibitisho wa malipo, uvipeleke polisi. Hilo boksi litoe kwenye Wi-Fi leo hii, na ubadilishe nywila. Dishi na kebo usitupe, hivyo vitakufaa ukipata risiva.