Uzoefu wangu: siku nzima Lamu na mume wangu, mofa asubuhi na Shela jioni

Sisi ni watu wa Tanga. Nilipotaja Lamu, mume wangu aliuliza kwa nini tuvuke mpaka wa Horohoro kuingia Kenya na kukaa kwenye basi mchana kutwa, tukaone nyumba za matumbawe na kula wali wa nazi ambavyo Pangani vipo. Vipo kweli. Lakini tangu turudi, yeye ndiye anayewahimiza shemeji zake waende, na mimi naandika haya kwa ajili yao na wengine wanaositasita.

Tulifika jioni kwa boti kutoka Mokowe, tukalala. Kijana wa kututembeza tulitafutiwa na mwenye nyumba ya wageni, naye alibisha hodi saa moja kasoro robo asubuhi. Nilimwomba jambo moja: kabla ya ngome na makumbusho, atupeleke anapokula yeye. Akatupitisha Usita wa Mui, ndiyo njia kuu ya mji, na hiyo njia kuu yenyewe punda akija na mawe ya kujengea huna budi kujibana ukutani. "Simile! Simile!" Ukisikia hivyo, pisha kwanza, utazame baadaye.

Kwenye kichochoro cha nyuma tulimkuta mama mmoja mbele ya tanuri la udongo, anachoma mikate ya mofa. Anachovya vidole majini, anachukua donge, analipiga viganjani mpaka linakuwa duara, halafu anaingiza mkono mpaka kiwiko na kulibandika kwenye ukuta wa tanuri. Mkono unatoka kabla hujapepesa macho. Alipotuona tumesimama mbali akasema, "Ndooni mule!" Mume wangu akaanza kutafuta ndoo iko wapi. Kumbe ndiyo "njooni" ya Kiamu, Kiswahili cha Lamu. Mama akacheka mpaka akafuta machozi na upindo wa leso, akatupa mkate wa kwanza bure, na tangu hapo kijana wetu hakukoma kutufundisha: njia ni ndia, macho ni mato, mchuzi ni mtuzi. Mofa ile tuliila na mbaazi za nazi, tumekaa barazani kwa watu. Ilikuwa imekauka pembeni, katikati laini, na ina harufu ya moshi ambayo mkate wa dukani hauijui.

Ngome tuliimaliza upesi. Ilijengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, baada ya watu wa Lamu kushinda vita vya Shela, kijiji cha jirani kisiwani humo, na ilikuwa jela hadi mwaka 1984. Kaeni zaidi kwenye jumba la makumbusho la ufukweni, kwa ajili ya siwa, yaani baragumu la sherehe, ya pembe ya ndovu kutoka kisiwa cha Pate. Ina urefu unaozidi mita 2. Nilikuwa nimeisikia siwa kwa bibi yangu tu, kwenye hadithi za harusi za wakubwa, na nilisimama mbele yake mpaka mume wangu akanivuta.

Lakini ningeambiwa nichague mahali pamoja, ningechagua ile nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa kama ilivyokuwa zamani. Chumba cha ndani kabisa kina ukuta mzima wa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, safu juu ya safu, za chokaa iliyochongwa kwa mkono. Msalani kuna birika la maji, na tulielezwa kwamba zamani walifuga samaki wadogo ndani yake ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika walijengea bakuli la kauri, maji yakipungua samaki wapate pa kujihifadhi. Mtu aliyefikiria hivyo alikuwa anaipenda nyumba yake.

Chakula cha mchana tulipikiwa nyumbani kwa mama mmoja, kwa kuagiza tangu jana yake. Lete sinia moja, tule pamoja, ndivyo tulivyomwambia. Wali wa nazi, changu wa kupaka, kachumbari, achari ya maembe na maji ya ukwaju. Tui lilikuwa zito limeshikana na samaki, limeungua kidogo tu kwenye mapezi. Kwetu tunazidisha manjano. Yeye aliacha ukwaju na ndimu vitawale. Mume wangu akajikaza: "Mama, niongeze mtuzi." Akaongezewa mara mbili.

Lililotuudhi ni mashua ya kwenda Shela. Tulikubaliana bei ya kwenda na kurudi, na wakati wa kurudi nahodha akadai nyongeza ya petroli eti upepo umekufa. Jua limeshazama, utafanyaje? Tukalipa. Ushauri wangu: lipa nusu ukifika, nusu ukirudi, na mkubaliane kuhusu injini kabla hujakanyaga chombo. Au nendeni kwa miguu kando ya bahari, maana si mbali.

Shela penyewe hapana lawama. Msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829 una mnara mrefu mweupe unaouona tangu baharini, na nyuma ya kijiji kuna vilima vya mchanga ambavyo ndivyo vinavyoyahifadhi maji ya mvua yanayonywewa mjini. Kwa hiyo ukiona watu wanapinga kujengwa juu ya michanga hiyo, wanalinda visima vyao.

Usiku tulikunywa kahawa chungu na halwa karibu na ngome, pamoja na viazi karai vya kukaangwa papo hapo. Yule mama wa mchana alimtuma mwanawe atuletee chupa ya achari ya kwenda nayo Tanga. Haikuvuka hata Malindi. Mume wangu aliimaliza kwenye basi kwa mkate mkavu.