Gitaa la umeme Mombasa: la mkono wa fundi au la vipande vya kukusanywa?

Gitaa langu la kwanza la umeme nililinunua kwa kupenda rangi. Lilikuwa jekundu la kung'aa, na muuzaji aliniapia kwamba limetengenezwa kwa mkono. Jumapili yake nikalipeleka kanisani. Kufika wimbo wa pili, ncha za freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zilikuwa zimenichuna vidole, na kila nilipopanda kupita freti ya 12 noti ilitoka juu kuliko inavyotakiwa, hata kama nyuzi wazi zilikuwa sawa kabisa. Tangu hapo nimenunua na kuuza magitaa kadhaa, nimewasindikiza vijana wengi madukani, na swali ni lile lile: nitafute la fundi, au nichukue lililounganishwa kwa vipande vya viwanda vya watu wengine?

Jibu langu ni hili: unacholipia ni saa ambazo mkono wa mtu umekaa juu ya shingo, freti na kile kidaraja cha kichwani nyuzi zinapopitia. Saa hizo hupatikana kwa njia zaidi ya moja, na kwa mnunuzi wa Mombasa njia ya bei kubwa siiweki ya kwanza.

Wanaodharau gitaa la vipande wanasahau lilikotoka. Leo Fender alikuwa fundi wa redio kule Fullerton, California. Gitaa alilolitoa mwaka 1950, ambalo tunalijua kwa jina la Telecaster, shingo yake ilifungwa mwilini kwa skrubu nne ili ikiharibika itolewe na kuwekwa nyingine. Schecter ilianza mwaka 1976 kama karakana ya matengenezo na vipuri. Tom Anderson alipita hapo kabla ya kufungua karakana yake mwaka 1984, na leo magitaa yake yanahesabiwa miongoni mwa yale ya kifahari. Hata mafundi wa daraja hilo hununua vigingi vya kukazia nyuzi kwa Gotoh ya Japani au Schaller ya Ujerumani, na wengi hukata mbao kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Upande wa pili, Cor-Tek, kampuni ya Korea yenye kiwanda Indonesia, hutengeneza magitaa ya PRS SE, yale ya bei nafuu ya kampuni ya Marekani PRS, ambayo hakuna mpigaji anayeyaonea haya jukwaani. Kwa hiyo ukisikia "la mkono", uliza: mkono uligusa nini, na kwa muda gani?

Nafasi ya kwanza: la kiwandani, hata la mtumba, likapite kwa fundi

Yamaha Pacifica, iliyoanza mwaka 1990, ndiyo ninayoitaja kwanza kila mara. Squier nzuri, jina la bei nafuu la Fender, inafuata. Pacifica 112 ina pikapu, yaani vinasa sauti vya chini ya nyuzi, mbili za koili moja na moja ya koili mbili karibu na daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini. Kwa anayepiga ridhimu ya bango au chakacha, miziki yetu ya pwani, ile sauti nyembamba, safi, ya koili moja ndiyo inayokaa vizuri kati ya besi na saksafoni. Kwenye kumbi ambazo waya za umeme zimefungwa ovyo, koili moja huvuma. Hapo unahamia kwenye koili mbili na shoo inaendelea.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Magitaa mengi ya kiwandani yamepakwa koti nene la poliesta. Wajuzi wa ng'ambo hulidharau, lakini Mombasa ni faida. Unyevu wa hewa yetu mara nyingi hupita asilimia 70, na chumvi ya bahari haikosi. Koti hilo huzuia ubao usinywe maji haraka, na jasho la usiku mzima haliligusi.

Tenga kama sehemu ya kumi ya bajeti yako kwa fundi, na uitenge kabla ya kuingia dukani. Mpe gitaa alisawazishe freti, apige msasa ncha zake, achonge vizuri mifereji ya kidaraja cha kichwani, arekebishe chuma kilichomo ndani ya shingo, kisha apange urefu wa kila uzi pale darajani. Nimeona magitaa ya bei ya chini yakitoka mikononi mwa fundi mvumilivu yakapigwa hotelini mwaka mzima. Ikiwa gitaa lilipangwa Nairobi, lipe wiki mbili hapa kabla ya kumpelekea, maana shingo ya mbao hujipinda upya ikibadilishiwa hewa.

Nafasi ya pili: la kuunganishwa kwa oda yako

Hili nalipenda sana, ila linataka subira. Warmoth ya jimbo la Washington, Marekani, huuza shingo na miili peke yake. Unaweza kuchagua freti za chuma kisichoshika kutu, na shingo ya mti wa mepo uliookwa kwenye tanuri ili usivute unyevu mwingi. Kwa hali yetu ya pwani, vitu hivyo viwili vina thamani kuliko jina lolote la kichwani. Pikapu nunua za Seymour Duncan au DiMarzio, lehemu afanye fundi wa hapa.

Hatari yake ni vipimo. Kipimo cha Fender, kutoka kidaraja cha kichwani hadi darajani, ni inchi 25.5, cha Gibson ni karibu 24.75. Ukichukua shingo ya kipimo kimoja na mwili uliotobolewa kwa kipimo kingine, gitaa hilo halitakaa sawa maisha. Freti ya 12 lazima iwe katikati ya kipimo hicho. Jua pia kwamba ukitaka kuliuza, mnunuzi hatakulipa ulichotumia.

Nafasi ya tatu: la karakana ndogo, la kifahari

Niliwahi kushika gitaa la rafiki la Suhr, karakana ya Marekani, kwa nusu saa, na sikutaka kulirudisha. Shingo ilikuwa laini, kila noti iko mahali pake hadi freti ya mwisho. Ubora wake ni wa kweli. Lakini magitaa ya daraja hilo huanzia kama dola 3,000 kule Marekani. Juu yake weka usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Mengine hupakwa vanishi nyembamba ya nitro, ambayo kwa joto na jasho inaweza kuanza kunata. Likiwa na mbao ya rozi ya Brazili, liache: mti huo umo kwenye orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, na kuuvusha mpaka kunahitaji vibali. Namshauri anunue hili yule ambaye gitaa ndilo linalomlisha, na ambaye tayari anajua unene wa shingo anaoutaka.

Nafasi ya mwisho: lenye jina kubwa na bei ndogo

Jina maarufu kichwani, hakuna namba ya utambulisho, muuzaji hataki ulichomeke kwenye amplifaya. Ondoka.

Ukiwa dukani

Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama katikati. Uwazi uwe mwembamba kama kadi ya jina. Uzi ukigusa freti zote, au ukiona uwazi wa kupitisha sarafu, muulize kama chuma cha shingo bado kinazunguka. Gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 utoe ile sauti ya kengele, halafu ubane hapo hapo. Sauti zikitofautiana, mwambie azipange mbele yako. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo uone kama ncha za freti zinachuna. Kagua skrubu ndogo za daraja, maana zikiliwa na kutu hazitarekebishika tena.

Ukishalinunua, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, na usiliache usiku kucha karibu na dirisha linalotazama bahari.